Mashine Mpya, Picha yenye Ukungu

Bahasha ya kaki ya mama mkubwa inakaa chini ya godoro, kwake Ngamiani. Ndani mna filamu tano za CT scan, picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mionzi, na mbili kati yake zimegandana kwa joto na unyevu wa Tanga. Ukizibandua zinaacha madoa meupe. Tulizibeba hivyo hivyo, tukapanda basi Kange alfajiri, Segera, Chalinze, hadi Dar kwa daktari wake wa saratani. Daktari akaziinua kwenye mwanga, akazitazama kitambo, akauliza, "Mama, ulikuwa unajitikisa?"

Hakujitikisa. Alipumua tu.

Siku ya kipimo nilisimama nje ya mlango, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Kijana wa mionzi alikuwa mpole, ila foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Akamlaza, akatoka, akabonyeza. Sauti iliyofuata haikuwa yake, ilikuwa ya mashine: mwanamke anayesema Kiingereza, akimwambia mama mkubwa avute pumzi na aizuie. Mama mkubwa, ambaye hata Kiswahili ukimsemea upande wa kushoto hakisikii, akaitika kwa nguvu, "Ati?"

Na ukisema "ati" umeshatoa pumzi.

Watu hudhani picha mbaya ni ya mashine mbovu. Mara nyingine ni kweli. Lakini ini, kwa mfano, halikai mahali pamoja: kwa pumzi ya kawaida tu hupanda na kushuka sentimita moja hata mbili, likifuata kiwambo cha chini ya mapafu. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya kunde ukiwa pale, unapakazwa kama wino uliopitiwa na kidole. Si bure kwamba mgonjwa wa kwanza wa CT, London mwaka 1971, alipigwa picha ya kichwa. Kichwa unaweza kukituliza. Tumbo lilisubiri mashine zenye kasi zaidi, na hata hizo za leo bado zinamwomba mgonjwa azuie pumzi kwa sekunde kadhaa.

Kwa mgonjwa wa saratani ukungu huo una bei yake. Kanuni inayotumika sana duniani kupima kama dawa inafanya kazi inahesabu milimita: jumla ya vipenyo vya uvimbe ikipungua kwa asilimia 30, dawa imekubali, ikiongezeka kwa asilimia 20 kutoka pale ilipokuwa ndogo kabisa, na ongezeko lenyewe lifike milimita 5, ugonjwa umesonga mbele. Uvimbe wa milimita 30 ukisomeka 36, mtu anaweza kubadilishiwa dawa. Hizo milimita sita ni pungufu ya unene wa penseli. Sasa niambie, kwenye picha iliyopakazika, nani ana hakika na milimita sita?

Tulirudia kipimo. Pesa nyingine, na mionzi mingine mwilini.

Siku hizi CT scan zimesogea hadi hospitali za rufaa za mikoa, na mimi ni wa kwanza kushukuru, maana nakumbuka zamani ya kila kitu Dar. Tunakata utepe, tunapiga makofi, tunataja bei ya mashine. Ila sijawahi kusikia mkuu yeyote akitaja ni vipimo vingapi mwezi huu vilirudiwa kwa sababu picha haikusomeka. Hesabu hiyo ningeitaka ibandikwe ukutani, pale pale penye bei za vipimo.

Na ile sauti! Mashine nyingi zinakubali kurekodiwa sauti nyingine. Kazi ya dakika chache: dada mmoja wa Tanga mwenye sauti ya kusikika, "Vuta pumzi mama... bana hapo hapo... haya, pumua." Kabla ya hapo mgonjwa afanye mazoezi mara mbili akiwa bado amekaa kwenye benchi. Hakuna zabuni hapo, hakuna msaada wa wafadhili.

Jambo la pili naliandika kwa aibu kidogo. Mama mkubwa alivuliwa vitu vyote vya chuma: pini za mtandio, kikuku, cheni. Shanga za kiunoni hakuna aliyeziuliza, naye asingemtajia kijana wa umri wa mwanawe. Zikabaki chini ya gauni la hospitali, na zile zenye vipande vya madini zikatupa michirizi kwenye picha kama miale ya jua la katuni. Wanawake wangapi wa mwambao huu wanaingia na shanga zao, au hirizi yenye kifuniko cha bati? Swali hilo aulize mwanamke, pembeni, kwa sauti ya chini.

Fomu za kuombea vipimo nazo zinanikera, zile zilizoandikwa neno moja, "saratani", bila kusema iko wapi wala alipasuliwa lini. Anayesoma picha anabaki kubahatisha. Filamu nazo zimepitwa. Ombeni CD yenye picha zote, maana filamu hubeba chache zilizochaguliwa, na CD haigandani na mwenzake chini ya godoro.

Kabla ya safari ya pili tulifanya mazoezi nyumbani. Mama mkubwa chali kwenye mkeka, mikono juu ya kichwa, mimi nahesabu mpaka kumi na tano, wajukuu wanacheka mlangoni. Siku ya tatu akafika ishirini, akawafukuza.

Asubuhi ya kipimo alitoka chumbani na kifundo cha leso, akakitia mkononi mwangu bila kunitazama. Nilisikia shanga zikigongana ndani.

"Ikipotea hata moja," akasema, "usirudi Ngamiani."