Ramani ya dhana ipewe alama, au ibaki ya kufundishia?

Muulize mwanafunzi wa uuguzi dalili za hatari za kifafa cha mimba, atazimwaga zote: kichwa kuuma sana, maruweruwe, presha juu, protini kwenye mkojo. Muulize tena kwa nini mama aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, lazima mkojo wake upimwe kiasi, wengi hapo huanza kutazama dari. Majibu yote yamo kwenye desa lake, ila kurasa mbalimbali.

Kupima pengo hilo kuna njia iliyobuniwa Marekani mwaka 1972 na Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell: ramani ya dhana. Mwanafunzi anaandika mambo kwenye manila, anayaunganisha kwa mishale, na juu ya kila mshale anaandika neno linaloeleza uhusiano. Mwaka 1984 Novak na Gowin walipendekeza alama: uhusiano sahihi 1, kila ngazi ya kushuka kutoka dhana kubwa hadi ndogo 5, mshale unaovuka kutoka tawi moja hadi jingine 10.

Hizo 10 ndizo zinazonivutia. Tawi moja linasema kifafa cha mimba chaweza kuumiza figo. Jingine linasema magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo. Akiyaunganisha, ameona hatari yenyewe: mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, dawa inajilimbikiza, goti likigongwa halishtuki, pumzi zinapungua. Zikiwa chini ya 16 kwa dakika, dozi inayofuata inasitishwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu, iwe tayari. Anayekwenda zamu wodi ya wazazi pale Hospitali ya Meta, Mbeya, anauhitaji mshale huo kuliko orodha nzima ya dalili.

Lakini kuufanya uwe alama za cheti ni jambo jingine. Kwa nini 10, si 7? Mkufunzi mmoja atakubali "inaathiri" juu ya mshale, mwenzake atalikata kwa kuwa halisemi kitu. Mtihani wa kuchagua jibu, pamoja na kasoro zake zote, hausahihishwi kwa hisia. Aliyeko Iringa na aliyeko Mbeya wanapimwa kwa kipimo kimoja. Na wanafunzi wetu tunawajua: wakisikia mishale ina alama, ramani za mwaka jana zitazunguka bweni zima kama madesa mengine. Tutakuwa tumehamisha kukariri tu, kutoka kwenye daftari kwenda kwenye manila. Tena yupo anayechora vibaya ila wodini mkono wake hausiti.

Kwa hiyo naiweka ramani upande wa kufundishia, nje ya matokeo ya mwisho, isipokuwa mchoraji aulizwe ana kwa ana: mshale huu unamaanisha nini, na mama huyu utamfanyia nini sasa? Aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili hata kama kachora kwa Kiingereza, maana na mama atazungumza naye kwa Kiswahili. Kikwazo ni muda. Dakika tano kwa kila mmoja, darasa la watu 100, ni zaidi ya saa nane. Darasani haiwezekani. Wakati wa mazoezi ya wodini, wanapogawanywa makundi ya watano au sita, ni nusu saa tu baada ya kukabidhiana zamu, na mgonjwa wanayemzungumzia wametoka kumhudumia.