Usalama wa Dunia Saa 8 Usiku

Jamani, hii shahada ya uzamili ya usalama wa dunia kwa njia ya mtandao ina adui mmoja tu, na si gaidi wala bomu la nyuklia. Ni saa. Chuo kiko pwani ya mashariki ya Marekani, wewe uko Uyole, Mbeya. Kipindi kinaanza saa 1 jioni ya kwao, ambayo huku ni saa 8 usiku, tena Juni, baridi inapenya hadi blanketi la tatu. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma, kipindi kinahamia saa 9. Jumapili ya pili ya Machi wanazisogeza tena. Sisi hatujagusa saa ya mtu, lakini anayeandikwa kachelewa ni wewe. Asubuhi jirani anakuuliza kwa Kinyakyusa "Ugonile?", yaani umelalaje, na huna jibu la kweli.

Kazi nazo: mwisho Jumapili 23:59. Hiyo ni ya huko; kwetu ni Jumatatu saa 12:59 asubuhi, na wakishabadilisha saa zao Novemba ni saa 1:59. Unaona umepewa usiku mzima wa bure. Kumbe mfumo wa chuo, ukiweka Dar es Salaam au Nairobi kwenye wasifu wako, mara nyingi unakugeuzia saa wenyewe. Ukigeuza tena kwa kichwa, unajiongezea saa 7 ambazo hazipo duniani. Kwa hiyo kabla ya lolote angalia umewekewa saa ya wapi. Wala usingoje dakika kumi za mwisho, maana faili lenye ramani linapanda kama lori la mbao kwenye mlima Kitonga.

Bando sasa. Saa moja ya kipindi cha video inaweza kula GB 1 na kudai nyongeza. Zima kamera yako, na kama programu inaruhusu, zima na video za wenzako. Sauti peke yake hula kidogo sana. Bando la usiku lina nafuu, ila soma masharti: mengine yanakata alfajiri, wakati kwenye mhadhara Urusi ndiyo kwanza inapiga kura ya turufu. Umeme ukikatika, kile kiboksi cha intaneti cha ukutani kinakufa kabla ya laptopu, kwa hiyo simu iwe imejaa chaji na hotspoti iko tayari. Radi za Januari zikianza, chomoa kila kitu. Huo nao ni usalama, na hauna mtihani.

Halafu majadiliano ya maandishi. Maneno 300 kabla ya Jumatano, majibu mawili kwa wenzako kabla ya Jumapili. Ukiandika "hoja nzuri, nakubaliana nawe" unapata sifuri ya heshima. Wanataka hoja, chanzo na namba ya ukurasa. Na kila mtu anaandika kuhusu NATO na kile kifungu cha 5, cha kwamba akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote, hadi Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, inawaka rangi zote. Tulia: asilimia ya Turnitin si hukumu, marejeo na nukuu halali nazo hupakwa rangi. Kinachoua ni aya ya mtu uliyobadilisha maneno matatu.

Mtu wa Mbeya anaumiza kichwa na Berlin wakati reli inapita mlangoni! Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alijitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965, njia ya kusini ya shaba ya Zambia ikawa mikononi mwa hasimu. China ikakopesha bila riba, reli ya TAZARA ikajengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Hiyo ni Vita Baridi na usalama wa kiuchumi kwa pamoja, na mwenzako wa Ohio hana ya kunakili.

Kuna wanaokimbilia vyuo vya Uingereza kwa sababu saa 12 jioni ya London ni saa 3 usiku kwetu, na Julai ni saa 2. Sawa, utalala. Lakini shahada yao ni krediti 180, kila moja ikihesabiwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Kwa miaka miwili ni kama saa 17 kila wiki, bila kupumzika Krismasi wala msimu wa kuvuna mahindi.

Na kabla hujatuma hata dola moja, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama chuo hicho kinatambulika. Tovuti yenye picha ya jengo la matofali mekundu na wanafunzi wanaocheka si ithibati. Ada ikilipwa kwa kadi, benki inageuza shilingi kwa bei yake, si ile uliyoiona kwenye simu, kwa hiyo acha nafasi ya tofauti la sivyo malipo yanagoma.

Yote hayo ukiyavuka, mtaani wameshaamua kuwa wewe ni mtu wa Usalama. Kijiwe kizima kinanyamaza ukifika, mwenye duka la Mwanjelwa ameacha kukudai, na shangazi anataka umkamatie aliyemuibia kuku.