Ndege nzito kwenye simuleta: tuamini namba au mkono wa rubani?

Anayeunda ndege kubwa ya jeti kwa ajili ya simuleta hufika mahali ambapo lazima aamue nani atakuwa hakimu wa kazi yake. Wapo wanaosema hakimu ni namba: uzito, eneo la mabawa, majedwali ya nguvu za hewa, na ndege ifuate zitakakoipeleka. Wapo wanaosema namba hazirushi ndege, kwa hiyo mkabidhi rubani anayeijua na uendelee kurekebisha mpaka aseme hii ndiyo yenyewe. Pande zote mbili zina hoja. Ninachopinga ni rubani kuitwa mapema mno, kabla hesabu hazijakaa sawa.

Upande wa namba una mtaji mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 NASA ilichapisha ripoti CR-1756, modeli kamili ya Boeing 747 kwa ajili ya simuleta pamoja na michoro ya data zake. Mwaka 1972 ikafuata CR-2144, yenye tabia za ndege kadhaa, 747 ikiwemo. Programu za simuleta nazo zimekuja na njia tofauti. JSBSim husoma majedwali unayoipa. X-Plane hukata bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya kila kimoja. YASim hupokea umbo, uzito, kasi ya kukaribia kutua na kasi ya safari, kisha hutafuta yenyewe nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa vitakavyolingana na hizo kasi. Hii ya mwisho inavutia kwa urahisi wake, lakini inalingana na uhalisia pale tu ulipoipa kasi. Katikati ya hapo inakisia.

Sasa chukua malalamiko yanayosikika kuliko yote: ndege inaelea juu ya barabara ya kutua na haitaki kugusa chini. Mrekebishaji anayefuata hisia huongeza ukinzani wa flapu, vile vibao vya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, kwa asilimia 10, ndege inashuka vizuri, kila mtu anafurahi. Tupige hesabu. Tuseme ndege ina tani 260 na inashuka kwenye mteremko wa digrii 3, huku ukinzani ukiwa sehemu moja ya nane ya uzito, yaani kama tani 32.5. Mvutano wa dunia kwenye mteremko huo unachangia takriban tani 13.6, kwa hiyo injini zinatakiwa kutoa kama tani 19. Ongeza ukinzani kwa asilimia 10, na injini zinadaiwa tani 3.25 zaidi, ambayo ni nyongeza ya asilimia 17. Geji za injini zitasoma juu kuliko zinavyopaswa njia nzima ya kushuka, mafuta yatakwenda haraka, na ndege ikilazimika kuacha kutua na kupaa tena, akiba ya nguvu itakuwa pungufu. Na huenda ukinzani haukuwa na kosa lolote. Mara nyingi mkosaji ni msukumo wa injini zikiwa zimeachwa chini kabisa, au nguvu ya ziada ambayo bawa hupata likikaribia ardhi imewekwa kubwa kupita kiasi.

Injini zenyewe husahaulika. Kanuni za Marekani zinataka injini iweze kutoka kwenye nguvu ndogo kabisa inayotumika angani hadi asilimia 95 ya nguvu ya kupaa ndani ya sekunde 5. Sekunde hizo ni nyingi ukiwa karibu na ardhi. Modeli inayotoa nguvu papo hapo humfundisha mtu tabia ya ndege ndogo, na hakuna jedwali la mabawa litakaloficha hilo.

Inesha, yaani ugumu wa ndege kuanza au kuacha kuzunguka, nayo ni hivyo hivyo. Katika CR-2144, 747 ya tani 289 ina momenti ya inesha ya takriban kilo milioni 45 mita mraba kwa kuinua na kushusha pua. Ukiweka nusu yake, pua itaitikia upesi kama ya ndege ya mazoezi. Hapo wengi hukimbilia kupunguza nguvu ya usukani, na ndege inakuwa nzito kweli, ila haina tena uwezo wa kuinua pua barabarani kwa kasi inayotakiwa. Umetibu dalili na kuacha ugonjwa.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji rubani wala vifaa. Tuliza ndege kwenye kasi ya safari, ivuruge kidogo, kisha uachie. Itapanda ikipungua kasi, itashuka ikiongeza, polepole mno. Kwa mita 250 kwa sekunde, hesabu rahisi inatoa mzunguko wa kama sekunde 113, na ndege halisi haiko mbali na hapo. Simuleta rasmi za mafunzo ya marubani hupimwa hivyo pia, na muda wa mzunguko unaruhusiwa kutofautiana na ndege kwa asilimia 10 tu. Ikiwa yako inamaliza mzunguko kwa sekunde 40, maoni ya rubani yasubiri kwanza.

Hata hivyo upande wa hisia haustahili kubezwa. Anayekaa mezani hasikii mwili ukikandamizwa kitini, na joistiki yake ina mwendo wa sentimita chache mahali pa usukani mzima. Modeli sahihi kabisa inaweza kumponyoka mkononi. Rubani akisema "hii si yenyewe", anasema kweli kuhusu anachokishika. Marekebisho basi yafanywe kwenye joistiki, kwa kulainisha mwitikio wake karibu na katikati, na majedwali ya bawa yaachwe.

Kuchezea mwitikio wa ndege yenyewe ili zoezi liende vizuri kuna historia mbaya. Novemba 2001 ndege ya American Airlines, safari namba 587, ilivunjika mkia New York baada ya usukani wa mkia kukanyagwa huku na huku kwa nguvu, na watu 265 wakafa. Wachunguzi walitaja, miongoni mwa sababu zilizochangia, programu ya mafunzo ya shirika hilo. Ndani yake kulikuwa na zoezi la simuleta ambamo mwitikio wa usukani ulizuiwa kwa muda ili ndege ilale zaidi. Ni rahisi kuona mwanafunzi anatoka na somo gani hapo: kanyaga zaidi.

Mahali ambapo namba zinamwachia rubani uwanja ni kwenye stoli, bawa linapoacha kubeba. Data za huko ni chache, kwa sababu hakuna anayependa kuipeleka ndege ya abiria mbali hivyo. Mamlaka ya anga ya Marekani ilipobadilisha kanuni zake mwaka 2016 ili mafunzo ya stoli kamili yafanyike kwenye simuleta, ilikubali modeli inayowakilisha tabia ya ndege bila kuifuata kila namba, mradi rubani mwenye ujuzi wa stoli ya aina hiyo aithibitishe. Kwa mwenye JSBSim shida ni ya wazi zaidi: jedwali likiisha, programu hubaki na thamani ya mwisho. Kama safu yako ya mwisho ni kabla ya stoli, bawa litaendelea kubeba hata pua ikielekea mawinguni, na ndege haitaanguka kamwe. Safu zinazofuata ni za kukadiria, na kwenye kukadiria huko ndiko ningemwita rubani aketi nami.