Nilivyolivamia Bao la Wazee kwa Baiskeli

Kabla hamjaendelea kuniuliza, naomba ieleweke kwamba sikuangukia baharini, sikuwa nimepakiwa na mwanamume, na dera langu halikuwa jekundu. Hayo ni maneno ya shoga yangu, ambaye hata hakuwepo, na ambaye tangu juzi Jumamosi ameyasambaza kwa bidii kubwa kiasi kwamba jana dada yangu aliyeko Pangani alinipigia simu kuniuliza kama nimeshajifunza kuogelea. Goti limevimba na kiwiko kimechunika, lakini mkono wa kuandikia ni mzima, basi niacheni niieleze habari hii mwenyewe.

Wengi mnanijua: mwalimu mstaafu, umri wangu miaka 64, mjane tangu miaka 11 iliyopita, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, ambako mitaa imepewa namba na siri ya Barabara ya Nane hufika Barabara ya Kumi na Tano kabla mwenyewe hajafunga mlango. Wengi pia mmeshasikia habari za Bwana Stesheni, hata mliojifanya hamkusikia. Yeye ni mstaafu wa reli. Tulikutana kwenye foleni ya uhakiki wa wastaafu, kule tunakokwenda kuthibitisha kwamba hatujafa, akanipisha kwenye benchi na kunieleza, bila kuulizwa, kwamba reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Mombo mwaka 1905. Nikamwambia kwamba kwa mwendo huo bila shaka mafundi walikuwa wakisubiri kuhakikiwa kama sisi. Alicheka mpaka karani akatugombeza, na mimi nikarudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimesahau kuuliza kuhusu pensheni yangu.

Ni yeye aliyeniuliza ni kitu gani nilichokitaka maishani nikakikosa. Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, kwa hiyo sikuwa na jibu la heshima lililoandaliwa, nikajisikia nikisema: baiskeli. Katika mji huu ambao baiskeli hazihesabiki, baba yangu alisema ni za kaka zangu. Nilipoolewa, marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alinipakia kwenye keria, nami nikikaa upande kama ipasavyo mke wa mtu, ndiyo maana kwa miaka 30 nimeuona mji wa Tanga wa mkono wa kushoto tu. Huo wa kulia nimeugundua mwezi uliopita.

Bwana Stesheni alinitafutia baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, akanifundisha kule Raskazone kila alfajiri baada ya swala, akikimbia nyuma yangu ameshika keria na kuhema kama injini ya makaa. Katika wiki ya tatu niligeuka kumwambia asiniachie, nikamwona amesimama mbali, mikono kiunoni, anatabasamu. Upepo wa bahari ukajaa kwenye mtandio wangu, nikacheka peke yangu barabarani. Sitaki kusema mengi juu ya asubuhi ile, kwani baadhi yenu ni wanafunzi wangu wa zamani.

Kosa langu lilikuwa kujiona nimehitimu. Jumamosi baada ya al-asiri nilipanda baiskeli peke yangu na kuingia mitaani. Nilikuwa nimevaa dera jipya la kijani, na ndani yake nimejifunga kanga aliyonipa Bwana Stesheni siku ya Idi, ambayo maandishi yake niliona ni salama kwa kuwa hayangeonekana na mtu. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, nilijua yuko zamu bandarini. (Zamu ilikuwa imebadilishwa. Kwa nini watu hawatangazi mambo muhimu namna hii?)

Nilipokata kona niliwaona wazee barazani wakicheza bao, watazamaji wamewazunguka, na hapo hapo nikahisi mtu ananivuta dera kwa chini. Hakuwa mtu, ilikuwa cheni. Kila nilipokanyaga pedali iliongeza tonge jingine la kitambaa, na kwa kuwa niliogopa kuanguka nikisimama, nilizidi kukanyaga, nikajilisha mwenyewe kwenye cheni kama muwa kwenye mashine. Breki zilikuwepo, tena mbili. Lakini miaka yote ya ualimu ilinipanda kichwani kwa mkupuo mmoja, na badala ya breki nikashika kengele. Niliipiga kwa nguvu na kwa mamlaka, nikiwa na imani kamili kwamba kengele ikilia kila kitu husimama. Wazee walisimama. Baiskeli haikusimama.

Gurudumu la mbele lilipanda ukingo wa baraza polepole, bila papara, kama mgeni anayejua anakaribishwa. Nilimwona mzee mmoja ameinua mkono wenye kete, uso umemng'aa, na baadaye niliambiwa kwamba mtaji ule, yaani zamu ya kula kete, ulikuwa wa ushindi. Bao lina kete 64, sawasawa na umri wangu, na zote ziliruka pamoja. Kisha dera likachanika kwa mlio mrefu, kuanzia kwenye pindo mpaka kiunoni, nami nikalala kifudifudi juu ya mkeka, kanga ikiwa hadharani na maandishi yake yakielekea mbinguni.

Pakawa kimya. Ndipo mtoto wa jirani, aliye darasa la kwanza na ambaye nimekuwa nikimfundisha kusoma bure kila Jumapili, akainama na kuanza, silabi kwa silabi: "Wa-wi-li... wa-ki-pe..." Akakwama kwenye "nda". Wafuasi wangu, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini mwalimu ni mwalimu hata akiwa kifudifudi, nikamsaidia, "Nda!", na yule mtoto akatiririka kwa sauti ya gwaride: "Wawili wakipendana, adui hana nafasi!"

Nilipoinua uso, kiatu cha kwanza nilichokiona nilikuwa nimekinunua mimi, kumpa zawadi mkwe wangu. Maskini kijana wa watu alikuwa ameshageuka kwa heshima, akavua koti, akaanza kunijia kinyumenyume akinyoosha mkono nyuma ili anisitiri bila kuniona. Akajikwaa kwenye baiskeli, akaketi kwenye mashimo ya bao, akasema, bila kugeuka, "Shikamoo, mama." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu." Nilisema nini kingine sikumbuki.

Mengine yalikwenda haraka. Binti yangu alinuna siku moja, akacheka siku iliyofuata, kisha akauliza kanga ile nimeinunua wapi. Bwana Stesheni alikuja na dawa ya kuchua na cheni mpya yenye kifuniko, akaniambia kwamba ameanza kutafuta washenga, ila wazee wote aliowategemea wanacheza bao pale pale.

Nao wazee wameokota kete 63. Ya mwisho nimeikuta asubuhi hii kwenye pindo la kanga nilipokuwa naifua, na nimeahidi kuirudisha leo jioni. Nakwenda kwa miguu.