Penseli huishia kurasa za mbele

Kuna jamaa anauza vitabu vya mitumba hapa Kisumu, anatandika gunia kando ya barabara ya Oginga Odinga, na kila nikitoka kazi jioni lazima niiname pale. Vitabu vya shule ameweka upande mmoja, vya dini katikati, na ule upande wa pili ndio wenye watu siku zote: vya utajiri. Vya hisa, vya forex, vya kuwa milionea kabla ufike miaka thelathini. Bei ni 200, ama 250 kama sura yako inakaa ya mshahara, na vingi ni fotokopi tu zimebandikwa gundi, kurasa zimeenda upande, picha ya mwandishi imekuwa nyeusi hadi humjui ni mwanaume ama mwanamke.

Sasa miaka hii yote nikivinunua nimeona kitu. Vile ambavyo vimepita kwa mikono ya mtu mwingine vimepigwa mistari ya biro ama penseli, sura ya kwanza imechorwa karibu yote, ya pili hivyo hivyo, ya tatu mstari mmoja mmoja, halafu ukifika ya nne kimya. Kurasa safi mpaka mwisho, hata hazijakunjwa. Na siwacheki, juu vyangu vya zamani viko vivyo hivyo.

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wale wanasema vitabu vya pesa ni uongo mtupu. Vingine ni uongo, ndio, tena wa mchana. Lakini vile vizuri shida yake ni kwamba asali imewekwa mbele na dawa nyuma, na sisi tunalamba ile asali, tunafunga kitabu, tunaenda kuchukua loan.

Chukua Robert Kiyosaki, yule Mmarekani wa vitabu vya pesa, ambaye hapa Kenya ni kama nabii. Kitabu chake kilitoka 1997, na kila mtu anajua ule mstari wake: asset inakuletea pesa mfukoni, liability inatoa. Ni wazo zuri, hata mtoto anaelewa, na ndio maana limepigwa mistari kwa kila kopi niliyowahi kushika. Kile watu hawaongei ni kwamba 2012 kampuni yake moja iliingia mahakamani kuomba kutangazwa muflisi baada ya kushindwa kesi ya karibu dola milioni 24. Yeye mwenyewe hakufilisika, kampuni ndio ilienda, na hiyo ni elimu kubwa kuliko sura ya kwanza ukiniuliza. Huku kwetu wazo la asset limezaa boda boda. Mtu anasoma wikendi, Jumatatu anaenda kuchukua pikipiki kwa mkopo, anampa kijana, kijana alete 300 kila jioni. Wiki ya kwanza inaingia, ya pili inaingia, ya tatu kuna pancha, ya nne askari wameishika, mwezi wa pili kijana hashiki simu na unaambiwa ameonekana Busia. Asset gani hiyo sasa.

Lakini wacha nijiseme mimi mwenyewe kwanza.

2008, mwezi wa tatu kuelekea wa nne, Safaricom ikauza hisa kwa watu, shilingi 5 moja. Kumbuka hiyo ilikuwa muda gani, mkataba wa amani baada ya ghasia za uchaguzi ulikuwa umetiwa sahihi mwisho wa Februari, hapa Kisumu kuna maduka bado yalikuwa kuta tu na masizi, na bado watu walipiga foleni benki kutoka asubuhi na fomu zimekunjwa mfukoni. Miaka miwili nyuma hisa za KenGen, ile kampuni ya umeme, zilikuwa zimeuzwa 11.90 na zikapanda zaidi ya mara mbili, kwa hivyo kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Yangu ilikuwa hivi: nachukua mkopo wa laki moja, hisa zinapanda mara mbili, narudisha mkopo, inayobaki ni ploti. Benki fulani ikanipa, bila hata kuniuliza maswali ya maana.

Watu walikuwa wengi kuliko hisa, sikupata hata nusu ya zile niliomba. Pesa iliyobaki ikakaa huko wiki kadhaa kabla irudi, na mkopo unakula riba ya laki nzima. Zikaanza kuuzwa sokoni mwezi wa sita, zikapanda hadi 7 na kitu, nikasema ngoja ifike 10. Haikufika. Mwanzo wa 2009 ilikuwa chini ya 3, na asubuhi moja nikiwa kwa matatu nikasikia redio ikisema imeshuka tena, nikashuka stendi, nikampigia broker nikamwambia uza zote. Nililipa huo mkopo hadi 2010. Hisa hiyo hiyo 2021 ilipita shilingi 40.

Uchungu ni kwamba kitabu cha Benjamin Graham nilikuwa nacho nyumbani wakati huo wote. Mzee alizaliwa London 1894, akaishi Marekani, akachomwa vibaya na soko kuanzia 1929, akaandika kitabu chake cha mwekezaji mwenye akili 1949. Sura ya 8 anasema fikiria uko na mshirika kwa biashara, kila siku anakuja mlangoni kukutajia bei, leo amefurahi anataja bei ya wazimu, kesho ana huzuni anataka kukuachia kila kitu bure, na wewe si lazima umjibu. Unaweza kumpea chai akaenda. Warren Buffett mwenyewe, yule tajiri wa hisa wa Marekani aliyefundishwa na Graham, husema sura ya 8 na ya 20 ndio za kusoma kwa makini zaidi. Ya 20 ndio ya mwisho kabisa! Penseli yangu ilikuwa imelala sura ya 3.

Halafu kuna mjomba wangu wa Butere. Huyo hakusoma kitabu chochote lakini aliishi ule ushauri wa Peter Lynch, yule Mmarekani aliyesimamia mfuko wa uwekezaji wa Magellan kutoka 1977 hadi 1990, ati nunua kampuni unayoijua, ile unaiona kwa macho yako. Mjomba alikuwa anauza miwa kwa kampuni ya sukari ya Mumias. Trekta anaziona, moshi anauona, harufu ya molasi anailala nayo. Kampuni ilipoingia soko la hisa 2001 akanunua, na kila akipata kitu anaongeza. Nilipomwambia baadaye hesabu zimeanza kuwa nyekundu, yaani hasara, akaniangalia hivi, akasema, "Omwiwa (yaani mpwa), kwani watu wataacha kunywa chai na sukari?"

Na kweli hawajaacha. 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanyia wanaodai pesa zao, juu ya madeni, hisa zikasimamishwa kuuzwa. Lynch alikuwa ameandika pia ati kuijua kampuni ni mwanzo tu, lazima uende uangalie inadaiwa pesa ngapi, lakini hiyo haipendezi kusimulia kwa harusi.

Kitu kingine kinanikasirisha ni watu wanabeba majibu ya Marekani mzima mzima. Utasikia kijana anakwambia bondi, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, ni za wazee, hisa ndio hushinda, amesoma. Imeshinda wapi? Februari 2024 serikali yetu ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, riba asilimia 18.46, bila ushuru. Nitajie hisa ngapi pale Nairobi unaweza kuniapia zitanipea hiyo kila mwaka. Naam, serikali nayo inaweza kukosa pesa, sijasema haina hatari. Nasema Graham hakukupea jibu, alikupea njia ya kupiga hesabu, alisema tu hisa zisipungue robo na zisizidi robo tatu ya pesa zako, zilizobaki ziwe bondi, halafu utumie kichwa. Sai bondi unanunua kwa simu tangu Benki Kuu (CBK) walete mfumo wao wa mtandaoni wa DhowCSD 2023, huhitaji hata kupanda basi kwenda Nairobi. Lakini hiyo haina kava nzuri.

Na hakuna hata kimoja kati ya hivi vitabu kina sura ya matanga. Mshahara ukiingia, grupu tatu za WhatsApp zinakungoja. Weka asilimia kumi kando kwanza, wanasema. Sawa, mwambie shangazi hivyo.

Juzi mjomba akanipigia. Kiwanda kilikodishwa, miwa inasagwa tena, ameona trekta zikipita. "Sasa hisa zangu?" Nikamweleza polepole, kampuni ikianguka wanaodai ndio hulipwa kwanza, benki, serikali, wafanyakazi, wenye hisa wako mwisho kabisa wa mstari, na mara nyingi mstari huisha kabla wafikiwe. Akanyamaza mpaka nikadhani kredo imeisha.

"Hiyo imeandikwa wapi?"

Nikamwambia iko kwa vitabu, kurasa za nyuma huko. Akasema basi nikija Jumamosi nimletee kimoja. Halafu akauliza kama kuna cha Kiswahili.

Nikamwambia nitauliza yule jamaa wa gunia.