Samatta hakupoteza miaka Lubumbashi

Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, akitajwa vijiweni huko nyumbani Tanzania, hakosi mtu wa kusema: "Angetoka Simba moja kwa moja Ulaya angefika mbali zaidi." Ukiishi Ubelgiji, kauli hiyo haikuingii akilini.

Hapa klabu haiwekewi kikomo cha wachezaji wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Inabanwa kwenye mshahara: kima cha chini cha mchezaji wa namna hiyo kinapita euro 80,000 kwa mwaka. Nani atamlipa hizo kijana wa miaka 18 mwenye msimu mmoja Simba? Ndiyo maana majaribio mengi huishia patupu: kocha kampenda, mhasibu kakataa. Samatta alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, 2011, akaondoka Januari 2016 akiwa bingwa wa Afrika, amefunga kwenye fainali dhidi ya USM Alger, na tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza barani mkononi. Genk ya Ubelgiji walipomchukua hawakubahatisha.

Uingereza ni ngumu zaidi. Alipokwenda Aston Villa 2020, njia ya kawaida ya kibali cha kazi ilitaka nchi iwe ndani ya 50 bora za FIFA, na Taifa Stars haikuwa hata karibu. Mchezaji wa nchi kama yetu alibaki kutetewa na rekodi yake, na yake ilikuwa na ubingwa wa Ubelgiji 2019 na bao la Anfield dhidi ya Liverpool. Tangu 2021 njia ya kawaida ya kibali inataka mchezaji afikishe alama 15, na ligi anakotoka huchangia alama kulingana na kundi lake. Ligi ya Ubelgiji iko kundi la 2, zetu kundi la 6, la mwisho.

Kinachoudhi hasa ni fedha za mshikamano. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine, 5% ya ada hugawiwa klabu zilizomlea: 0.25% kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Kwa ada ya euro milioni 10, aliyekaa naye msimu mmoja tu akiwa na miaka 17 anavuna euro 50,000. Huku Ubelgiji mtoto wa miaka 8 wa timu ya kijiji tayari yumo kwenye rejista ya shirikisho. Kwetu vituo vingi vinafundisha watoto miaka minne, mitano, bila kuwasajili TFF, shirikisho letu la soka, kwa hiyo pasipoti ya mchezaji, yaani orodha rasmi ya klabu alizosajiliwa, inaanzia kwenye klabu ya ligi. Picha za mazoezi na barua ya mwenyekiti wa mtaa hazilipwi chochote. Kinacholipwa ni tarehe ya usajili na ya kuondoka.