Kupalizwa kwa Boti

Jamani, hawa Washelisheli wana visiwa zaidi ya mia, lakini ikifika tarehe 15 Agosti ni lazima wote wakasongamane kwenye kimoja! Tena hicho chenyewe ni La Digue, kisiwa ambacho ukipanda baiskeli kwa hasira, unakutana na bahari hasira hazijakuisha.

Siku hiyo ni Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, nchi nzima imefunga. Sasa mimi fundi rangi wa watu, nimetoka Tanga kuja Mahé, kisiwa chao kikuu, kutafuta rupia, kila nikikunjua mgongo naambiwa leo sikukuu. Ijumaa Kuu wamefunga. Ekaristi wamefunga. Watakatifu Wote wamefunga, wanakwenda kusafisha makaburi na kuwasha mishumaa. Desemba 8 wamefunga tena, Bikira Maria huyo huyo. Sina ugomvi na mtakatifu yeyote, ila wao wakipumzika kule juu, huku chini sisi vibarua hatulipwi.

Nilipanga kulala. Mama mwenye nyumba akagonga mlango alfajiri: twende. Mama anayekudai kodi humwambii hapana.

Basi tukapanda boti. Agosti ni upepo wa kusi tupu, na bahari ya kati ya Mahé na kisiwa cha Praslin wakati wa kusi haina utani. Mhudumu anapita na mifuko ya kutapikia, anagawa kwa adabu kama mgawa karanga harusini. Bikira Maria alipalizwa mwili na roho bila tiketi. Mimi nimelipia, na kila wimbi likinipaliza linanirudisha kitini kwa makalio. Praslin tunashuka, tunapanda boti nyingine. Eti hii fupi, robo saa tu. Robo saa ya nani?

La Digue baiskeli nzuri zote zimeshachukuliwa. Nikapewa moja isiyo na breki, mwenyewe ananiambia nisiogope, kisiwa ni tambarare. Mbona kule juu naona mlima?

Misa inasomwa nje, kwenye pango la Bikira Maria, watu wamejaa hadi chini ya miti. Nilisimama nyuma ya bibi mwenye kofia pana, kwa hiyo nilichoona ni kofia. Krioli yao naambulia "Mari" na "Bondye", yaani Maria na Mungu, nikawa naitika Amina pale wengine wanapoitika. Halafu maandamano na sanamu hadi kanisani, nyimbo juu. Hapo lazima niseme kweli, walipendeza. Mama mwenye nyumba akalia machozi.

Basi padri hajamaliza kuvua stola, spika za vibandani zimeshapasuka! Bia, samaki wa kuchoma, pweza wa nazi, ladob, yaani shelisheli la kupikwa kwa tui la nazi, yenye vanila inayonukia hadi gatini. Bei? Usiulize. Nililipia sahani ya pweza, nikahesabu mikia, nikahesabu tena. Na yule mama aliyekuwa analia, ameshajifunga kanga kiunoni, anacheza sega, ngoma yao ya huku, na vijana na ananivuta mkono. Mimi ambaye tumbo bado liko baharini!

Jioni, foleni ya boti imefika barabarani, simu ikalia. Ujumbe wa msimamizi: kesho saa moja kamili kazini, hakuna visingizio. Huyu ndiye aliyesema mgongo unamuuma, safari haiwezi. Nikainua macho. Yuko mbele yangu kwenye foleni, kashika mifuko miwili ya pweza, anacheka.